Bima Iliyoitangulia Serikali: Karne Moja ya Sera ya Afya Marekani

Mwaka 2023 Marekani ilitumia dola trilioni 4.9 kwa ajili ya afya, sawa na asilimia 17.6 ya pato lake la taifa. Hakuna nchi nyingine tajiri inayotenga fungu kubwa kiasi hicho. Hata hivyo, mwaka huohuo watu wapatao milioni 26 nchini humo hawakuwa na bima yoyote. Wengi husema hiyo ndiyo hulka ya Wamarekani, watu wasiopenda serikali iwaingilie. Historia inasema vingine. Kuanzia 1915 hadi 2010 vizazi kadhaa vya Wamarekani vilijaribu kujenga bima ya afya ya umma, na karibu kila mara vilikuta kampuni binafsi zimeshatangulia: zina wateja, zina fedha, zina watu wa kuzisemea bungeni. Sera ya umma ikabidi ijibane katika nafasi iliyoachwa na biashara. Hivi ndivyo ilivyotokea.

1883–1920: Senti za maziko

Ujerumani ya Bismarck ilipitisha bima ya lazima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883. Uingereza ikafuata mwaka 1911 chini ya waziri wake wa fedha, Lloyd George. Wakati huo kampuni kubwa za bima, Uingereza na Marekani, zilikuwa hazijishughulishi sana na matibabu. Fedha zao zilitoka kwenye maziko. Wakala alipita mtaani kila wiki, nyumba kwa nyumba, daftari mkononi, akikusanya senti tano hapa na senti kumi pale kutoka kwa vibarua na wajane waliohofia kuzikwa katika makaburi ya mafukara. Ukizijumlisha senti hizo nchi nzima, zilikuwa utajiri mkubwa.

Mwaka 1915 wanamageuzi wa Jumuiya ya Marekani ya Sheria za Kazi walitoa muswada wa mfano ili majimbo yaupitishe. Ulimpa mfanyakazi matibabu, sehemu ya ujira wake siku za ugonjwa, na dola 50 za maziko akifariki. Hizo dola 50 ndizo zilizoziamsha Prudential na Metropolitan Life. Serikali ikimzika mfanyakazi, wakala angekusanya nini mlangoni?

Frederick Hoffman, mtakwimu wa Prudential, alikuwa mwanachama wa jumuiya hiyohiyo. Alijiuzulu, kisha akaandika na kusambaza vijitabu vya kuipinga bima ya lazima. Ni Hoffman huyohuyo ambaye mwaka 1896 alichapisha kitabu akidai Wamarekani Weusi hawafai kukatiwa bima kwa sababu ya maumbile yao, huku akiufumbia macho umaskini na makazi duni waliyosukumiwa. Tangu mapema, basi, takwimu za kampuni zilitumika kuamua nani anastahili kukingwa na nani aachwe nje.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, wapinzani walipata silaha nyingine: bima ya lazima ikaitwa kitu cha Kijerumani. Mwaka 1918 wapiga kura wa California waliikataa kwa wingi mkubwa. Mwaka 1919 Seneti ya jimbo la New York ilipitisha muswada, nao ukafia katika baraza la chini. Mwaka 1920 Chama cha Madaktari cha Marekani, ambacho awali kilionyesha dalili za kuunga mkono, kikageuka kuwa mpinzani rasmi.

Uingereza nayo haikusalimika. Lloyd George alilazimika kuachana na pensheni za wajane na kuziruhusu kampuni za bima zisimamie sehemu ya mpango wake. Tofauti ni kwamba Waingereza waliurudia mjadala. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia walizitoa kampuni katika usimamizi huo, na mwaka 1948 wakaanzisha huduma ya afya ya taifa inayogharamiwa na kodi.

1929–1935: Madeni ya walimu wa Dallas

Mwaka 1929 Justin Ford Kimball, msimamizi wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Baylor mjini Dallas, Texas, alikuwa akipitia vitabu vya madeni. Miongoni mwa wadaiwa aliyaona majina ya walimu wengi. Aliwafahamu, kwa maana kabla ya hapo alikuwa mkuu wa shule za jiji hilo. Akawapa pendekezo: kila mwalimu achange senti 50 kwa mwezi, na akiugua alazwe hadi siku 21 bila kulipa tena. Walimu zaidi ya 1,000 wakajiunga.

Kisha mdororo wa uchumi ukatanda. Wagonjwa walikosa fedha, vitanda vikabaki vitupu, na hospitali nyingi zikaona uhai wao umo katika mpango wa Kimball. Mwaka 1934 mpango wa aina hiyo mjini St. Paul, Minnesota, ulianza kutumia nembo ya msalaba wa bluu, na jina la Blue Cross likaenea nchi nzima. Mipango hiyo haikugawa faida, ilisamehewa kodi katika majimbo mengi, na ilitoza kiwango kimoja kwa kijana na mzee. Iliwasaidia watu wengi sana. Lakini ilizaliwa kutokana na shida ya hospitali ya kupata malipo ya uhakika. Swali la nani ameachwa nje halikuwa swali lake.

Wakati huohuo Rais Franklin Roosevelt alikuwa akiandaa sheria ya hifadhi ya jamii. Wataalamu wake walitaka bima ya afya iwemo. Upinzani wa madaktari ulikuwa mkali kiasi kwamba Roosevelt alihofia ungeizamisha sheria nzima, zikiwemo pensheni za wazee. Agosti 1935 alitia saini sheria isiyokuwa na bima ya afya. Nafasi iliyoachwa haikukaa wazi muda mrefu.

1942–1954: Bima yafungamanishwa na ajira

Hakuna uamuzi uliobadilisha mambo zaidi kuliko huu, na ulifikiwa bila mjadala wowote wa kitaifa kuhusu afya. Oktoba 1942, katikati ya vita, Bunge lilitunga sheria ya kudhibiti mishahara ili bei zisipande. Viwanda vilikuwa vinanyang'anyana wafanyakazi lakini haviwezi kuongeza mshahara. Mafao kama bima, hata hivyo, hayakuhesabiwa kuwa mshahara. Waajiri wakaanza kuwavutia watu kwa kadi ya bima. Mwaka 1943 mamlaka ya kodi ilikubali kwamba mchango wa mwajiri kwa bima ya kikundi hautozwi kodi ya mapato kwa mfanyakazi, na mwaka 1954 msamaha huo ukawekwa wazi katika sheria ya kodi.

Huo ulikuwa ruzuku. Kila dola ambayo serikali haikuitoza ilikuwa mchango wake kwa bima binafsi, lakini mchango huo haukuonekana kwenye bajeti na haukupigiwa kura kila mwaka. Katika mwaka 1940 takriban Mmarekani mmoja kati ya kumi alikuwa na bima ya aina fulani. Kufikia 1950 walikuwa karibu nusu ya watu wote, na kufikia 1960 walivuka theluthi mbili.

Matokeo yake yalikuwa mawili. Kwanza, vyama vya wafanyakazi, jeshi kubwa la wanaotaka bima ya umma, vilipata bima nzuri kupitia mikataba na waajiri, na ari ya kupigania bima ya wote ikapoa. Pili, kampuni za kibiashara ziliingia sokoni na kuwachagua wateja. Zilikwenda kwa mwajiri mwenye vijana wenye afya zikampa bei ya chini kuliko Blue Cross, nayo Blue Cross ikabaki na wazee na wagonjwa ambao gharama zao zilipanda mwaka hadi mwaka. Ili isife, ikaanza nayo kutoza kulingana na hatari ya ugonjwa. Anayestaafu, anayeachishwa kazi na aliyezaliwa na maradhi wakajikuta hawana pa kwenda.

1945–1950: Truman ashindwa

Tarehe 19 Novemba 1945 Rais Harry Truman aliliomba Bunge liunde bima ya afya ya taifa kwa Wamarekani wote. Alikuwa rais wa kwanza kulisimamia wazo hilo akiwa madarakani. Aliposhinda uchaguzi wa 1948, Chama cha Madaktari kilimtoza kila mwanachama dola 25 na kuwaajiri Clem Whitaker na Leone Baxter, mume na mke waliokuwa na kampuni ya kampeni California. Wawili hao walikuwa wamekwisha kuuzamisha mpango wa bima wa gavana Earl Warren katika jimbo hilo.

Walielewa kwamba kupinga tupu hakutoshi. Mwananchi anayeogopa bili ya hospitali lazima apewe kitu badala ya kile anachonyimwa. Kwa hiyo ujumbe wao ulikuwa na pande mbili: bima ya serikali ni njia ya ujamaa, na bima ya hiari ndiyo njia ya Kimarekani. Madaktari, ambao miaka ya nyuma waliitilia shaka hata Blue Cross, sasa waliinadi bima binafsi. Kampuni za bima na wafanyabiashara wengine walilipia matangazo magazetini kuunga mkono. Katika hofu ya ukomunisti ya miaka hiyo, mpango wa Truman haukufika hata kwenye kura.

Tangu hapo hoja ikageuka. Kabla ya Truman watu waliuliza kama nchi iwe na bima ya afya. Baada yake waliuliza nani ameachwa na bima binafsi na serikali ifanye nini kuhusu hao.

1965: Wazee, maskini na malipo ya uwakala

Jibu lilikuwa dhahiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, takriban nusu tu ya wazee waliofika miaka 65 walikuwa na bima ya kulazwa hospitali. Soko halikuwataka. Kampuni zilijaribu kuonyesha kwamba zinaweza, kwa mfano kwa mpango wa pamoja wa wazee ulioanzishwa Connecticut mwaka 1961, lakini pengo lilikuwa kubwa mno.

Tarehe 30 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alikwenda Independence, Missouri, nyumbani kwa Truman, akatia saini sheria ya Medicare kwa wazee na Medicaid kwa maskini. Truman, akiwa na miaka 81, alikabidhiwa kadi ya kwanza ya Medicare. Ni ushindi ambao hadi leo unawakinga mamilioni ya watu na ufukara wa uzeeni.

Lakini ndani ya ushindi huo kulikuwa na bei iliyolipwa. Ili hospitali na madaktari wakubali, sheria iliruhusu malipo yasishughulikiwe moja kwa moja na serikali kuu. Kazi ya kupokea madai na kulipa ilikabidhiwa mawakala, na hospitali nyingi zilichagua Blue Cross, taasisi iliyozaliwa tumboni mwa hospitali zenyewe. Malipo yalifuata gharama walizodai watoa huduma, na gharama zikapaa. Kampuni nazo zilipata faida ya aina mbili: serikali iliwabeba wateja wenye gharama kubwa kuliko wote, na mapengo ya Medicare yakazaa soko jipya la bima za nyongeza kwa wazee.

1973–1994: Harry na Louise

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kutafuta njia ya kubana gharama. Mwaka 1973 Rais Nixon alitia saini sheria ya kuendeleza mashirika yanayounganisha bima na matibabu, na katika miaka ya 1980 na 1990 kampuni zikajipa mamlaka mapya: kumchagulia mgonjwa daktari, kuidhinisha matibabu kabla hayajatolewa, kukataa yale zilizoyaona si ya lazima.

Septemba 1993 Rais Bill Clinton alilihutubia Bunge kuhusu bima kwa kila Mmarekani. Mpango ulioandaliwa chini ya mkewe, Hillary, haukufuta kampuni. Uliziweka zishindane chini ya kanuni za serikali, wazo ambalo kampuni kubwa zenyewe zilikuwa zimeshiriki kulijadili. Muswada ulikuwa na kurasa 1,342. Kampuni tano kubwa kuliko zote, zikiwemo Aetna na Cigna, zilijua zingeweza kuishi chini ya kanuni hizo. Kampuni ndogo na za kati, zilizokuwa na sauti kubwa katika HIAA, chama cha kampuni za bima ya afya, zilijua zingekufa.

HIAA ikatumia zaidi ya dola milioni 10 kwa matangazo ya televisheni. Katika tangazo moja mume na mke wa tabaka la kati, Harry na Louise, wameketi mezani nyumbani, karatasi zimetapakaa mbele yao, wanazungumza kwa wasiwasi kuhusu mpango mpya. Hawapigi kelele wala hawatukani. Wanasema wapo wanaotaka kuwachagulia wananchi mipango iliyobuniwa na watendaji wa serikali, na kwamba watu wakikosa uchaguzi wameshindwa. Tangazo halikutaja kwamba kampuni zenyewe ndizo zilizokuwa zinawapunguzia watu uchaguzi wa daktari. Matangazo hayo yalirushwa zaidi maeneo ambako wabunge walikuwa hawajaamua. Tarehe 26 Septemba 1994 kiongozi wa walio wengi katika Seneti, George Mitchell, alitangaza kwamba mpango umekufa.

2003–2010: Kutoka kupinga hadi kuandika

Baada ya hapo mbinu ilibadilika. Kampuni hazikuhitaji tena kuizuia serikali, kwa sababu zilikuwa zimegundua kwamba serikali ni mteja mzuri. Sheria ya Desemba 2003 iliyowapa wazee bima ya dawa iliagiza itolewe kupitia kampuni binafsi peke yake. Sheria hiyohiyo iliongeza malipo kwa kampuni zinazowahudumia wazee wa Medicare na kuupa mpango huo jina la Medicare Advantage. Kufikia 2009 serikali ilikuwa ikilipa takriban asilimia 14 zaidi kwa mzee aliye chini ya kampuni kuliko kwa mzee wa aina hiyohiyo aliye katika Medicare ya kawaida.

Rais Barack Obama alipoanza mageuzi yake mwaka 2009, Bunge lilifungua madaftari ya kampuni. Uchunguzi ulionyesha kwamba kampuni tatu, katika miaka mitano, zilifuta bima za watu wasiopungua 19,700 baada ya kuugua, zikaokoa dola milioni 300. Tarehe 16 Juni wakuu wa kampuni hizo waliulizwa mbele ya kamati kama wako tayari kuacha kufuta bima pale ambapo mteja hakudanganya kwa makusudi. Kila mmoja alijibu hapana. Siku nane baadaye Wendell Potter, aliyekuwa mkuu wa mawasiliano wa Cigna, aliiambia Seneti jinsi kampuni zinavyowatupa wagonjwa ili kuwaridhisha wawekezaji.

Hadharani chama chao kipya, AHIP, kiliunga mkono mageuzi. Kilikubali kampuni zimpokee kila mtu hata akiwa mgonjwa, kwa sharti kwamba sheria imlazimishe kila mtu kukata bima. Nyuma ya pazia, kampuni zilipitisha zaidi ya dola milioni 80 katika Chama cha Wafanyabiashara cha Marekani, fedha zilizotumika kuupinga muswada. Shabaha kubwa ilikuwa kipengele kimoja: bima ya serikali itakayouzwa sambamba na za kampuni. Baraza la Wawakilishi lilikipitisha Novemba 2009. Katika Seneti zilihitajika kura 60, na Seneta Joe Lieberman wa Connecticut, jimbo ambalo mji wake mkuu Hartford ni makao ya kale ya kampuni za bima, alisema hataupigia kura muswada wenye kipengele hicho. Kikaondolewa.

Sheria iliyotiwa saini tarehe 23 Machi 2010 ilifanya mema ambayo hayafai kubezwa. Ilikataza kumkataa mtu kwa ugonjwa aliokuwa nao, iliagiza angalau senti 80 za kila dola ya mchango zitumike kwenye matibabu na uboreshaji wa huduma, na ikapanua Medicaid. Wasio na bima walipungua kwa takriban milioni 20. Lakini ilifanya hivyo kwa kuwalipia wananchi ruzuku inayoingia kwenye akaunti za kampuni, na bila bima ya umma ya kushindana nazo.

Baada ya 2010: Matokeo

Mwaka 2023 zaidi ya nusu ya wanaostahili Medicare walikuwa chini ya kampuni binafsi. Mpango uliozaliwa kwa sababu soko liliwakataa wazee sasa unaendeshwa kwa kiasi kikubwa na soko hilohilo, kwa fedha ya umma. Serikali huilipa kampuni kiasi maalumu kwa kila mzee, na huongeza pale mzee anapoandikwa kuwa na maradhi zaidi. Kampuni ina kila sababu ya kuandika maradhi mengi na kuidhinisha matibabu machache. Mwaka 2022 mkaguzi wa wizara ya afya alichunguza sampuli ya maombi yaliyokataliwa na akakuta asilimia 13 yalitimiza masharti ya Medicare. Mwaka 2024 tume inayolishauri Bunge ilikadiria kwamba mwaka huo serikali ingelipa dola bilioni 83 zaidi kuliko ambavyo ingelipa kama wazee hao wangebaki katika Medicare ya kawaida.

Neno kwa Afrika Mashariki

Nasi tumo njiani. Desemba 2004 Bunge la Kenya lilipitisha muswada wa bima ya afya ya jamii uliopiganiwa na waziri Charity Ngilu. Rais Kibaki hakuutia saini, na miongoni mwa walioupinga walikuwa waajiri na kampuni binafsi za bima. Ilichukua miaka 19 hadi sheria nyingine ya bima ya afya ya jamii ipite, mwaka 2023. Mwaka huohuo Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Kampuni za bima si adui wa afya. Zina utaalamu, na mwenye uwezo ana haki ya kununua anachotaka. Lakini Marekani inatufundisha kwamba kampuni ikishajijenga ndani ya mfumo, kuitoa au hata kuirekebisha huchukua vizazi, na kila mwaka unaopita huipa wateja zaidi wa kuwatumia kama ngao. Kwa hiyo kazi ni ya sasa, wakati kanuni zetu bado zinaandikwa. Wabunge waamue waziwazi nani atakusanya michango, nani ataamua kifurushi cha huduma, nani atakagua madai yanayokataliwa na mgonjwa atakata rufaa wapi. Waandishi wa habari wachapishe majina ya wanaotoa maoni kwenye kamati za Bunge na maslahi waliyonayo. Na wewe mwanachama, soma kinachobadilika kwenye kadi yako, na uulize kabla hujaugua.